Kadi ya Mtoto Mwenye Uboho wa Dadake: Shajara ya Mradi

14 Januari

Sista wa kliniki ya selimundu alinipigia simu nikiwa naosha vioo vya maabara. Mvulana wa miaka 9, aliyepandikizwa uboho India miezi 14 iliyopita, alikuwa amepelekwa hospitali moja hapa mjini akiwa na homa. Maabara ya pale ilipima kundi la damu ikapata O. Faili yake ya zamani inasema A. Wakamchoma sindano tena, wakapata O tena, na safari hii majibu ya chembe na ya plazma, yale maji ya damu, hayakupatana. Wakamchoma mara ya tatu. Kisha mama akaambiwa, mbele ya foleni nzima, kwamba huenda amebeba faili ya mtoto mwingine. Kipimo cha himoglobini nacho kikarudi kikiwa na S, ile himoglobini ya selimundu, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Akatoka akiamini ugonjwa umerudi. Alilia kwenye matatu mpaka Ngara.

Ugonjwa haujarudi. Majibu yote ya ile maabara yalikuwa sahihi. Kilichokosekana ni karatasi moja ya kumwambia mpimaji damu iliyo mbele yake ni ya namna gani. Karatasi hiyo ndiyo mradi wetu: kadi ndogo, upande mmoja kwa familia, upande wa pili kwa mtu wa maabara, itembee na mtoto popote aendapo. Tuko watatu: mimi, sista, na daktari wa damu aliyekubali kusoma kila toleo kabla halijatoka.

19 Januari

Nimeanza na mambo ambayo hata sisi wa maabara huyachanganya. Wengi hudhani ndugu akifaa kutoa uboho basi kundi lao la damu ni moja. Sivyo. Kinacholinganishwa ni alama za HLA, zile ambazo kinga hutambulia kilicho cha mwili na kigeni, ambazo jeni zake zimekaa kwenye kromosomu ya 6. Jeni ya kundi la A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana HLA kikamilifu, na bahati hiyo haisemi lolote kuhusu kundi la damu. Mtoto wetu alizaliwa kundi A. Dadake, mwenye miaka 12, ni O. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo zile za A ziliisha zamani, na zinazozaliwa sasa zinatoka kwenye uboho wa dada.

Kuhusu S: dada ni AS. Anabeba jeni moja ya selimundu na haumwi. Mwenye AS huwa na S ya asilimia 35 hadi 40 hivi, na sehemu kubwa ya himoglobini yake ni A, yaani himoglobini ya kawaida, si kundi la damu la A. Kabla ya kupandikizwa, mvulana alikuwa SS, yaani jeni zote mbili za selimundu, na hakuwa na A ya kwake hata chembe. Basi kwa mtoto huyu swali si kama S ipo. Itakuwepo maisha yake yote. Swali ni kama A ipo, na kama imeizidi S. Leo nimeipitisha sampuli yake kwenye jeli, ute mgumu unaotenganisha protini kwa umeme. A imetangulia kama inavyopaswa, S imefuata nyuma yake, na mstari wa A ndio mnene zaidi. Nimempigia mama hapo hapo, hata kabla sijavua glavu.

Kwenye kadi lazima iandikwe kwa herufi nzito: kipimo cha haraka cha selimundu kitasema ndiyo. Kile kipimo cha zamani cha kuona kama himoglobini inayeyuka hakitofautishi AS na SS.

Toleo la kwanza, upande wa familia, linaanza hivi: "Damu ya mtoto huyu sasa ni damu ya dadake." Sista amelipenda.

23 Januari

Sentensi ile nimeifuta.

Nimerudia mwenyewe upimaji wa kundi. Tunapima mara mbili: kwanza chembe, tuone zina A au B, kisha plazma, tuone ina kingamwili gani, yaani protini za kinga zinazoshambulia chembe ngeni. Mtu wa O wa kawaida ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B pia. Chembe za mvulana zimejibu O safi. Plazma yake imejibu dhidi ya B peke yake. Dhidi ya A hakuna kitu. Huu ndio utata uliowachanganya wenzetu wa ile hospitali, na kusema kweli ungenichanganya mimi pia kama ningeletewa chupa bila maelezo.

Sababu yake ni hii. Uboho ni wa dada, lakini mwili uliobaki ni wa kijana. Kuta za mishipa yake bado zina A. Kama ni miongoni mwa watu wanaotoa dutu hiyo mateni, basi hata mate yake yana A. Kinga mpya iliyotoka kwa dada imekulia ndani ya mwili uliojaa A, kwa hiyo mara nyingi kingamwili dhidi ya A haionekani. Chembe zinasema O, plazma inasema A, na zote mbili zinasema kweli.

Hili si jambo la kitabuni tu. Akihitaji kuongezewa chembe nyekundu apewe O. Akihitaji plazma au chembe za kugandisha damu, apewe za A au AB, kwa sababu plazma ya mtu wa O ingeleta kingamwili dhidi ya mishipa yake mwenyewe. Mtu akisoma "O" peke yake kwenye faili atakosea upande mmoja. Daktari ameongeza kwamba damu yoyote atakayopewa ipigwe mionzi kwanza, na ameipigia mstari.

5 Februari

Mama amekuja na faili yake ya plastiki, ile ya bluu yenye vifungo. Ina kila karatasi tangu mtoto akiwa na miezi 8. Wametoka Busia kwa basi la usiku na mvulana alikuwa bado na usingizi machoni. Tumekaa saa mbili.

Nilikuja kumweleza alama za DNA. Wanaofuatilia uboho mpya husoma vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia: kwa mtu mmoja kipande hurudiwa mara 9 na mara 12, kwa mwingine mara 10 na mara 14. Ukijua idadi za mtoaji na za mpokeaji, unaweza kusema chembe nyeupe ngapi kwa mia ni za nani. Kwa selimundu si lazima ziwe mia kwa mia. Hata mchanganyiko ambamo karibu chembe 20 kwa mia ni za mtoaji unaweza kutosha kuuondoa ugonjwa, kwa sababu chembe nyekundu nzima huishi miezi minne na yenye umbo la mundu hufa ndani ya wiki mbili tatu. Chache zinazodumu huzishinda nyingi zinazokufa haraka.

Tatizo ni kwamba ili kulinganisha unahitaji DNA ya mtoto ya kabla ya upandikizaji, na sisi hatuna. Kusugua ndani ya shavu hakusaidii sana, maana mateni mna chembe nyeupe nyingi na hizo ni za dada. Mashina ya nywele ndiyo mahali pa kuaminika zaidi pa kumpata yeye mwenyewe, na kucha pia, ingawa kucha wakati mwingine huwa na kiasi kidogo cha mtoaji. Mvulana amekubali kung'olewa nywele sita. Alizihesabu.

Hapo mama akaniuliza: "Daktari, kwa hiyo wakipima damu yake, kipimo kitasema ni msichana?" Nikamwambia ndiyo, kromosomu za chembe zake nyeupe ni XX. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema hataki kadi itakayoandika hivyo, kwa sababu kadi itaonwa shuleni, na watoto wa shule anawajua. Ana haki. Tumekubaliana upande wa familia usiguse jambo hilo, na upande wa maabara uandike tu: "DNA ya damu ni ya mtoaji na ya mate imechanganyika, kwa utambulisho tumia nywele." Mpimaji ataelewa. Mwalimu wa zamu hataelewa, na hahitaji kuelewa.

Ameuliza pia kwa nini watu wa kwao wanaugua sana na majirani zake wa Nairobi waliotoka Nyeri hawaujui ugonjwa huu. Nikamweleza habari za Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali, akaona jeni ya S ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Mama amesikia miaka mingi kwamba damu ya ukoo wake ina laana. Alitaka niandike jina la huyo daktari kwenye kipande cha karatasi, nikaliandika.

11 Februari

Stima imepotea kutwa. Jeli mbili zimeharibika. Nimetumia muda huo kuandika kuhusu chanjo: kumbukumbu ya chanjo za utotoni hupotea pamoja na uboho wa zamani, hivyo chanjo hurudiwa kwa ratiba ya daktari. Sista anasema wazazi wawili wiki hii wamemwambia mtoto "alishamaliza chanjo".

20 Februari

Tangu ile siku ya kundi la damu nimekuwa na swali moja: ndani ya plazma, nini ni cha nani? Kadi haiwezi kuwa ya kweli kabla sijajibu.

Jibu la msingi ni la kiwanda. Protini ni ya yule mwenye kiungo kinachoitengeneza. Kingamwili hutengenezwa na chembe zinazozaliwa na uboho, kwa hiyo huhamia kwa mtoaji, lakini polepole. Nusu ya IgG, aina kuu ya kingamwili, huisha kwa wiki tatu hivi, na zipo chembe za zamani za mpokeaji zinazoweza kujificha na kuendelea kutengeneza kingamwili zake miezi mingi baada ya uboho wake kwisha. Alama za kurithi za Gm zilizo juu ya IgG ndizo zilizowawezesha watafiti kuufuatilia uhamisho huo. Kwa upande mwingine, albumini, transferini, haptoglobini, na ile protini inayobeba vitamini D hutoka kwenye ini. Ini halikupandikizwa. Hizo zimebaki zake. Ushahidi mzuri unatoka upande wa pili: mtu anapopandikizwa ini, aina ya haptoglobini yake hugeuka ikawa ya mtoaji wa ini. Kwa uboho haigeuki.

Nataka kuliona hili kwa macho yangu, kwa mtoto huyu. Nimechagua haptoglobini kwa sababu aina zake tatu, 1-1, 2-1 na 2-2, husomeka kwenye jeli kwa kuchanganya plazma na himoglobini kidogo na kuipaka rangi. Aina hizo ziligunduliwa na Oliver Smithies huko Toronto mwaka 1955 kwa jeli ya wanga. Alikumbuka jinsi wanga wa mamake wa kunyooshea mashati ulivyokuwa ukiganda.

Kuna jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa furaha. Kazi ya haptoglobini ni kukamata himoglobini iliyomwagika kutoka chembe zilizopasuka, kisha viwili hivyo huondolewa pamoja kwenye damu. Mtoto wa SS hupasua chembe kila siku, na haptoglobini yake humalizwa yote. Nimepekua faili ya bluu: amepimwa mara tatu kabla ya India, na mara zote jibu ni kwamba haionekani. Ini lake lilikuwa likiitengeneza tangu azaliwe na hakuna aliyewahi kuiona.

Nimeomba ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na mvulana na dadake nao wameulizwa wakakubali. Watu wanne, mililita mbili kila mmoja.

9 Machi

Jeli ya tatu imetoka safi. Nimeipiga picha mara kumi.

Baba ni 2-2: ngazi ya mistari mizito, hakuna mstari wa mbele kabisa. Mama ni 2-1: ngazi, na mbele yake ule mstari mmoja wa haraka. Dada ni 2-2 kama baba. Mvulana ana ngazi, na mbele yake mstari wa haraka upo, umekolea.

Mstari ule dada hana. Hauwezi kutoka kwenye uboho wake. Umetoka kwenye ini la kijana, na jeni yake imetoka kwa mama. Na uko pale kwa kuwa chembe alizopewa na dada hazipasuki hovyo, kwa hiyo haptoglobini inabaki kwenye damu. Uboho wa mmoja umekiweka wazi kilicho cha mwingine. Nimefanya kazi hii miaka 11 na sijawahi kusimama mbele ya jeli nikiwa na koo limeniziba.

Nilimtumia mama picha kwa simu, nikachora mshale. Alijibu kwa sauti: "Huo mstari ni wangu?" Nikamwambia ni wa mtoto, aliupata kwako. Akaomba nimtumie tena picha bila mshale, aionyeshe nyumbani.

Daktari ametoa tahadhari na nimeikubali. Haptoglobini hupanda mtu akiwa na homa au uvimbe, kwa hiyo kiasi chake peke yake kisisomwe kama cheti cha kupona. Pia watu wengi katika Afrika huwa na kidogo sana bila selimundu yoyote. Kwenye kadi haitaingia kama kipimo cha kufuatilia. Itaingia kama sentensi.

16 Machi

Nyanya wa mtoto amefuatana nao safari hii. Alinisikiliza nikieleza, kisha akasema: "Mwanangu, hawa si wamechanjiana?" Nikamwambia kuchanjiana kwa wazee kulikuwa agano, tone la damu liliisha siku chache. Hapa aliyehamia ni mtengenezaji wa damu mwenyewe.

Akafikiri. Akasema: ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, yule mtamba hazai. Kila mfugaji wa kwao anajua. Nikamuuliza anajua kwa nini. Akasema walichanganya damu tumboni.

Karibu niruke. Mwaka 1945 Ray Owen, huko Wisconsin, aliandika kwamba mapacha wa ng'ombe ambao mishipa yao imeungana tumboni hubaki na aina mbili za chembe nyekundu hata wakiwa wakubwa, zao na za pacha. Seli mama za damu zilihama kabla hawajazaliwa, zikakubaliwa, zikakaa. Huo ni mmoja wa misingi ya kuelewa kwamba mwili unaweza kufundishwa kupokea cha mwenzake. E. Donnall Thomas, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1990 kwa kazi ya uboho, alianza katika miaka ya 1950 na mapacha wa kufanana kabisa.

Upande wa familia sasa una mfano wa ng'ombe. Nimeandika kwa maneno ya Nyanya kadiri nilivyoyakumbuka. Neno "kimera", yaani mwili mmoja wenye chembe za watu wawili, nililokuwa nimeliweka nimelitoa, maana kila aliyelisoma alifikiria kimea cha kutengenezea uji na pombe.

28 Machi

Toleo la sita. Upande wa familia:

"Mtoto huyu alipewa uboho na dadake. Uboho huo ndio unaozaa chembe za damu yake. Mwili wake mwingine wote, pamoja na ini linalotia protini nyingi kwenye maji ya damu, ni wake alivyozaliwa. Kipimo kikionyesha S, usiogope: dadake ana S kidogo na haumwi. Akiwa mkubwa na kutaka kuoa, aende apewe ushauri wa kijeni, kwa sababu atakachowarithisha watoto ni kile alichozaliwa nacho."

Sentensi ya mwisho tuliivutania sana. Sista aliona ni nzito kwa kadi ya mtoto. Mimi nilishikilia ibaki. Mbegu zake za uzazi hazikubadilika, kila mtoto wake atapata S moja kutoka kwake, na kipimo cha damu cha wakati huo kitamwambia yeye ni AS. Akioa mwenye AS akiamini hesabu ya AS na AS, mtoto mmoja kati ya wanne, atakuwa amekosea: kwake ni mmoja kati ya wawili. Daktari alituunga mkono sote wawili, akasema ibaki lakini mama asomewe na mtu, asikabidhiwe tu. Imekuwa hivyo. Mama aliposomewa alisema, "Afadhali nijue sasa nikiwa na nguvu."

6 Aprili

Tumechapa kadi 40 huko River Road, karatasi ngumu iliyopakwa plastiki. Mvua imeanza. Kijana wa mashine alikuwa amegeuza "2-1" kuwa tarehe, tukamrudishia. Nambari ya simu ya maabara yetu iko chini, na tumekubaliana itashikwa na mtu hata usiku.

17 Aprili

Mvulana amepata kikohozi na kupelekwa kituo kingine cha afya, si kile cha kwanza. Sista amenipigia saa nne asubuhi. Mpimaji alisoma kadi, akapiga simu kuuliza jambo moja tu kuhusu plazma, akaandika kwenye jibu lake: "Chembe O, kingamwili dhidi ya A haipo, inatarajiwa baada ya upandikizaji." Mtoto amechomwa sindano mara moja. Kifua ni safi.

22 Aprili

Familia ya pili imeletwa na daktari, kutoka Kilifi. Mtoto alizaliwa kundi O na mtoaji, kakake, ni B. Kadi yetu haimfai jinsi ilivyo. Hapa shida ni upande mwingine: kingamwili za zamani za mtoto dhidi ya B zinaweza kukaa miezi, zikachelewesha chembe nyekundu mpya huku chembe nyeupe tayari ni za kaka. Inahitajika safu ya kufuatilia kingamwili hiyo wiki kwa wiki, na sehemu ya tarehe itakayoandikwa siku chembe za B zitakapoonekana mara ya kwanza. Nimemwomba mama yake asimnyoe mtoto nywele kwanza, tuzipate kwa DNA yake mwenyewe.